Ndiyo Zinazopingana: Historia ya Hoja za Kura katika Majimbo ya Marekani

Karatasi ya kura katika majimbo mengi ya Marekani ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya majina: rais, seneta, gavana, wabunge, na mara nyingine majaji na wakuu wa polisi wa kaunti. Ya pili ni ya maswali. Mpiga kura huwekewa mbele yake muswada wa sheria au badiliko la katiba ya jimbo, naye hujibu Ndiyo au Hapana. Hoja ikipata kura za kutosha huwa sheria, hata kama wabunge hawakuitaka. Kwa njia hiyo wananchi wa majimbo wameamua viwango vya kodi, adhabu ya kifo, haki ya wanawake kupiga kura, kima cha chini cha mshahara, bima ya magari na sheria za utoaji mimba.

Majibu yao mara nyingi yameonekana kugongana. Jimbo limepunguza kodi, kisha likaamuru fedha zaidi zitumike. Limempa ushindi mgombea wa chama fulani, na siku hiyohiyo likapitisha jambo ambalo chama hicho kinalipinga. Limefuta adhabu, likairudisha, likaifuta tena. Wachambuzi wengi wamekimbilia kusema kwamba wananchi hawajui wanachokitaka. Historia ya hoja hizi, inayozidi miaka mia moja, inatoa jibu la haki zaidi: migongano mingi imezaliwa na namna maswali yanavyotungwa, yanavyoulizwa moja moja, na kura zinavyohesabiwa.

Chimbuko

Kuwauliza wananchi kuhusu katiba ni desturi ya zamani Marekani. Wapiga kura wa Massachusetts waliikataa rasimu ya katiba ya jimbo lao mwaka 1778, wakaikubali nyingine mwaka 1780. Leo majimbo yote isipokuwa Delaware hupeleka marekebisho ya katiba kwa wananchi. Lakini kwa muda mrefu maswali hayo yalitoka juu, kwa wabunge. Mwananchi alijibu alichoulizwa, hakuwa na uwezo wa kuuliza.

Hali hiyo ilianza kubadilika mwishoni mwa karne ya 19. Kampuni za reli, migodi na benki zilikuwa na mkono mrefu ndani ya mabunge ya majimbo, ambayo wakati huo ndiyo yaliyowachagua hata maseneta wa taifa. Wakulima waliobanwa na nauli za reli na riba za mikopo, pamoja na vyama vya wafanyakazi, walitafuta njia ya kulipita Bunge. Waliiona Uswisi. Huko, tangu 1874, raia waliweza kukusanya saini na kuilazimisha sheria ya Bunge ipigiwe kura. Na tangu 1891 waliweza kupendekeza wenyewe mabadiliko ya vifungu vya katiba ya nchi. Kitabu cha mwandishi James W. Sullivan kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1890 kiliueneza mfano huo kwa wasomaji wa Marekani.

South Dakota ilikuwa ya kwanza kuuingiza utaratibu huo katika katiba yake, mwaka 1898. Utah ilifuata mwaka 1900 na Oregon mwaka 1902. Oregon ndiyo iliyoutumia kwa bidii kuliko wote, chini ya uongozi wa William U'Ren, mtoto wa mhunzi aliyekuja kuwa mwanasheria, hata utaratibu wenyewe ukajulikana kama Mfumo wa Oregon. California iliukubali Oktoba 1911, wakati wa Gavana Hiram Johnson, aliyeingia madarakani kwa ahadi ya kuing'oa kampuni ya reli ya Southern Pacific katika siasa za jimbo. Leo karibu nusu ya majimbo yote yanawaruhusu wananchi kukusanya saini na kupeleka hoja yao wenyewe kwenye karatasi ya kura.

Waasisi waliamini kwamba wananchi wakiulizwa moja kwa moja, matakwa yao yatajulikana bila utata. Haikupita miaka mingi kabla imani hiyo haijajaribiwa, na jaribio lenyewe lilihusu samaki.

Samoni wa Mto Columbia, 1908

Mto Columbia hutenganisha Oregon na Washington kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Pasifiki. Kila mwaka samaki aina ya samoni hutoka baharini na kuupanda mto huo kwenda kutaga mayai. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliviziwa na makundi mawili ya wavuvi yaliyochukiana.

Karibu na mlango wa mto, katika mji wa Astoria, walikuwapo wavuvi wa jarife. Wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ufini na nchi za Skandinavia. Walitoka na mashua na kuzitandaza nyavu zao majini usiku, samaki wasipoweza kuziona. Juu ya mto, kuelekea mji wa The Dalles, yalikuwapo magurudumu ya kuvulia: mitambo mikubwa ya mbao yenye vikapu vya waya, iliyozungushwa na nguvu ya maji yenyewe. Kila kikapu kilipozama kilichota samaki waliokuwa wakipanda, na kilipoinuka kikawamwaga kwenye sanduku kando. Magurudumu hayo hayakuhitaji usingizi wala mishahara ya wavuvi wengi, na wenye nayo walikuwa hasa wamiliki wa viwanda vya kusindika samaki.

Samaki walipoanza kupungua, kila upande uliunyooshea mwenzake kidole. Mwaka 1908 kila upande ulipeleka hoja kwa wananchi wa Oregon. Watu wa jarife walitaka magurudumu ya juu ya mto yapigwe marufuku. Watu wa magurudumu walitaka uvuvi wa nyavu wa chini ya mto ubanwe kiasi cha kukaribia kufutwa. Hoja zote mbili zilinadiwa kwa jina la kumwokoa samoni.

Zote mbili zilipita. Kwa mujibu wa sheria hizo, uvuvi wa samoni upande wa Oregon ulikuwa umefungwa karibu wote, jambo ambalo hakuna upande hata mmoja uliolikusudia. Habari zilifika mbali: Rais Theodore Roosevelt aliutaja mkasa huo katika ujumbe wake wa mwaka kwa Kongresi Desemba 1908, akihimiza samaki wa mto huo wasimamiwe na serikali ya taifa. Mwishowe Oregon na Washington zilifunga mapatano ya kuusimamia uvuvi kwa pamoja, ambayo Kongresi iliyaidhinisha mwaka 1918. Magurudumu yenyewe yaliondolewa kwa kura ya wananchi, Oregon mwaka 1926 na Washington mwaka 1934.

Inafaa kuwaangalia wapiga kura wa 1908 kwa makini, kwa sababu ndani yao mna karibu kila kitu kilichotokea baadaye. Mvuvi wa jarife alijibu Ndiyo kwa hoja ya kwanza na Hapana kwa ya pili. Mwenye gurudumu alifanya kinyume. Wote wawili walikuwa na msimamo usio na kasoro. Waliobaki, yaani wakazi wa Portland, wakulima na wafanyabiashara wasio na wavu wala gurudumu, walikuwa ndio wengi. Waliulizwa mara mbili kama samaki waongezewe ulinzi, wakajibu mara mbili kwamba ndiyo. Nao pia hawakujipinga. Mgongano ulizaliwa kwa sababu kila hoja ilitungwa na mwenye maslahi, ikaulizwa peke yake, na hapakuwa na mtu mwenye jukumu la kuzipatanisha. Bungeni, pande hizo mbili zingelazimika kukaa meza moja na kuachiana kitu.

Wengi ni akina nani

Waswahili husema wengi wape. Ugumu wa hoja za kura ni kwamba wengi wa swali moja huwa si wengi wa swali la pili, ijapokuwa jina lao ni lilelile.

Hesabu ndogo inatosha kulionyesha jambo hili. Katika watu 100, tuseme 60 wanataka kodi ipungue na 60 wanataka shule ziongezewe fedha. Hoja zote mbili zinapita kwa ushindi mzuri. Lakini waliojibu Ndiyo kwa zote mbili wanaweza kuwa 20 tu. Wengine 40 walitaka kodi ndogo wakakataa matumizi, na 40 walitaka matumizi wakakataa kupunguza kodi. Watu 80 kati ya 100 wamepiga kura kwa mpangilio unaoeleweka, na bado jimbo zima linaonekana limejipinga. Hoja zikiwa tatu, zote zinaweza kupita kwa asilimia 60 bila kuwapo mtu hata mmoja aliyezikubali zote tatu.

Jambo hili limethibitishwa kwenye kura halisi. Novemba 1990 wapiga kura wa California waliwekewa hoja 28 kwa mkupuo. Watafiti Steven Brams, Marc Kilgour na William Zwicker walizichunguza kura za Kaunti ya Los Angeles, zilizokuwa takriban milioni 1.8, na mwaka 1998 wakachapisha matokeo. Hawakumpata mpiga kura hata mmoja ambaye majibu yake yalilingana na matokeo ya hoja zote 28. Uamuzi ulioitwa wa wananchi ulikuwa mkusanyiko ambao hakuna mwananchi aliyeuchagua wote. Kwa hiyo kusema kwamba jimbo limejipinga ni kulichukulia jimbo kama mtu mmoja mwenye akili moja, nalo silo.

Kodi na shule California

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa kodi. Katika miaka ya 1970 bei za nyumba California zilipanda kwa kasi, na kodi ya majengo ikapanda pamoja nazo. Mstaafu mwenye kipato kilekile alijikuta akidaiwa kodi kubwa kwa sababu tu nyumba ya jirani imeuzwa ghali. Bunge la jimbo lilivutana bila kupata ufumbuzi, huku hazina ikiwa na akiba ya mabilioni ya dola. Wanaharakati wa kupinga kodi, Howard Jarvis na Paul Gann, walikusanya saini zaidi ya milioni moja, na Juni 6, 1978 Hoja ya 13 ikapita kwa karibu asilimia 65. Iliiwekea kodi ya majengo kikomo cha asilimia 1 ya thamani, ikazuia thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe, na ikadai theluthi mbili ya wabunge ili kuongeza kodi za jimbo.

Kodi ya majengo ndiyo iliyokuwa ikizilisha shule. Hazina ya jimbo ilibidi izibe pengo, na miaka kumi baadaye, Novemba 1988, wapiga kura wakapitisha Hoja ya 98, iliyoamuru kiwango cha chini cha fedha za jimbo kitengwe kwa ajili ya elimu, mara nyingi karibu asilimia 40 ya mfuko mkuu. Bunge likawa limefungwa pande zote mbili: kupandisha kodi ni vigumu, na matumizi ni lazima.

Watafiti David Sears na Jack Citrin, walioyachunguza maoni ya wananchi wa wakati wa kura ya 1978 katika kitabu walichokitoa mwaka 1982, waliona kwamba wengi walitaka kodi ipungue na huku wakitaka huduma nyingi zibaki au ziongezwe. Waliamini kwamba serikali ina upotevu wa kutosha kuziba pengo. Imani hiyo ilikuwa na kiasi chake cha ukweli, kwa kuwa akiba ya hazina ilikuwapo na ndiyo iliyotumika kuziokoa serikali za mitaa baada ya kura. Vilevile, Hoja ya 98 ilipita kwa chini kidogo ya asilimia 51, tofauti kabisa na kishindo cha 1978. Wengi wa kura ya kwanza na wengi wa kura ya pili hawakuwa kundi moja. Na maswali yenyewe yalikuwa nusunusu. Hoja ya 1978 haikumtaka mpiga kura ataje huduma ya kukatwa, na ya 1988 haikumtaka aseme fedha zitoke wapi. Mtu anayeulizwa kuhusu mapato peke yake, kisha kuhusu matumizi peke yake, hajapewa nafasi ya kuandaa bajeti.

Hoja pacha na njia za mkato

Kuna migongano iliyopandwa kwa makusudi. Kundi linaloogopa hoja fulani hutunga nyingine inayofanana nayo kwa sura, likitarajia wapiga kura wachanganyikiwe au hoja ya pili iiue ya kwanza. California ina kanuni ya katiba kwa hali hiyo: hoja mbili zikipita na vifungu vyake vikapingana, iliyopata kura nyingi zaidi ndiyo inayoshinda.

Juni 1988 kanuni hiyo ilionyesha makali yake. Hoja ya 68 na Hoja ya 73 zote zilihusu fedha za kampeni. Ya kwanza iliruhusu fedha za umma zisaidie wagombea; ya pili iliharamisha jambo hilohilo. Zote zilipita, kwa sababu mpiga kura aliyechukizwa na fedha katika siasa aliona zote mbili zinaweka mipaka. Hoja ya 73 ilikuwa na kura nyingi zaidi, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba Hoja ya 68 haina nguvu hata kidogo. Mahakama ya taifa nayo ikavibatilisha vifungu vikuu vya Hoja ya 73. Wananchi waliotaka mageuzi mara mbili kwa siku moja walibaki karibu mikono mitupu.

Hata hivyo wapiga kura si rahisi kuzugwa kama inavyodhaniwa. Novemba 1988, California hiyohiyo ilikuwa na hoja tano za bima, nyingine zikiwa zimeandaliwa na kampuni za bima, nyingine na mawakili, na Hoja ya 103 na watetezi wa walaji wakiungwa mkono na mwanaharakati Ralph Nader. Kampuni za bima zilitumia zaidi ya dola milioni 60. Iliyopita ni Hoja ya 103 peke yake. Mtafiti Arthur Lupia, aliyewahoji wapiga kura mara walipotoka vituoni, alieleza siri yake mwaka 1994: watu ambao hawakuisoma miswada lakini walijua kampuni za bima ziko upande gani walipiga kura karibu sawa na wale walioielewa kwa undani. Kujua ni nani anayeitaka hoja ni elimu tosha kwa mambo mengi. Na pale ambapo mtu hana hata fununu hiyo, mara nyingi hujibu Hapana, au huacha wazi. Mfululizo wa Ndiyo na Hapana ulioonekana kama bahati nasibu ulikuwa na mantiki yake.

Mgombea huyu, hoja ile

Aina nyingine ya mgongano ni kati ya sehemu mbili za karatasi: majina na maswali. Novemba 2014 majimbo ya Arkansas, Nebraska, South Dakota na Alaska yalipitisha hoja za kupandisha kima cha chini cha mshahara, na yote manne yakachagua maseneta wa chama cha Republican, ambacho viongozi wake wengi walipinga hatua za aina hiyo. Mwaka 2020 Florida ilimpa Donald Trump wa chama hichohicho ushindi kwa asilimia 51, na kwa karibu asilimia 61 ikaamuru kima cha chini kipande hatua kwa hatua hadi dola 15 kwa saa. Idaho, Nebraska, Utah, Missouri, Oklahoma na South Dakota, yote yakiwa ngome za Republican, yalipanua Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato kidogo, kwa kura za wananchi baada ya wabunge wao kukataa. Novemba 2024 Missouri ilimchagua Trump kwa asilimia 58 na siku hiyohiyo ikaiingiza haki ya utoaji mimba katika katiba ya jimbo kwa karibu asilimia 52.

Mgombea huja na furushi: chama, dini, usalama, uhamiaji, uchumi, haiba yake mwenyewe. Mpiga kura hulichukua lote au huliacha lote. Hoja hulifungua furushi na kutoa jambo moja. Mfanyakazi wa mgahawa anayekiamini chama fulani kwa mambo tisa anaweza kutofautiana nacho kuhusu la kumi, ambalo ni mshahara wake, na karatasi ya kura ndiyo inayompa nafasi ya kusema hivyo. Hapa kinachoitwa mgongano ni kazi hasa ambayo hoja za wananchi zilibuniwa kuifanya.

Lakini si haki kuwasafisha wapiga kura wakati wote. Mwaka 1964 California ilimpigia Lyndon Johnson, rais aliyekuwa ametia saini Sheria ya Haki za Kiraia miezi michache kabla, kwa karibu asilimia 59. Papo hapo ikapitisha kwa asilimia 65 Hoja ya 14, iliyoifuta sheria ya kuzuia ubaguzi wa rangi katika kuuza na kupangisha nyumba. Kampeni iliipamba kama haki ya mwenye nyumba kuamua juu ya mali yake. Watu wengi waliounga mkono usawa kwa jina waliukataa ulipofika mlango wa jirani. Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha hoja hiyo mwaka 1967. Huo ulikuwa mgongano wa kweli, na ulikuwa moyoni mwa mpiga kura mwenyewe.

Majibu yanayobadilika

Wakati nao hubadilisha majibu. Wanaume wa Oregon waliwanyima wanawake kura katika 1884, 1900, 1906, 1908 na 1910, kisha wakakubali mwaka 1912. Adhabu ya kifo katika jimbo hilo ilifutwa na wapiga kura mwaka 1914, ikarudishwa 1920, ikafutwa 1964, ikarudishwa 1978, na mahakama ilipoibatilisha, ikarudishwa tena 1984. California ilipunguza adhabu za wizi mdogo na dawa za kulevya mwaka 2014, ikazikaza upya mwaka 2024. Kati ya kura moja na nyingine kizazi hufa na kingine huzaliwa, wahamiaji huingia, uhalifu hupanda au kushuka. Bunge nalo hubadili sheria zake kila mara, na hakuna anayeshangaa.

Kanuni za kupunguza migongano

Majimbo yamejaribu dawa mbalimbali. Mengi hudai hoja moja iguse jambo moja tu, ili mpiga kura asibebeshwe asichokitaka. Tangu sheria ya 2014, waandaaji wa hoja California wanaweza kuiondoa kabla haijafika kwenye karatasi ya kura kwa mfano wakipatana na Bunge, na hivyo mazungumzo yaliyokosekana Oregon mwaka 1908 yamepewa mlango. Majimbo mengine yamechagua kupandisha kizingiti. Mwaka 2006 Florida iliamua kwamba badiliko la katiba lazima lipate asilimia 60, na kanuni hiyo yenyewe ilipita kwa asilimia 58 hivi. Mwaka 2024 hoja ya haki ya utoaji mimba ilipata asilimia 57 huko na ikaanguka. Kizingiti hupunguza idadi ya hoja zinazopita, lakini hakiyafanyi maswali yawe bora.

Dawa iliyokaribia kiini cha tatizo imetoka kulekule utaratibu ulikotoka. Kwa badiliko walilolikubali mwaka 1987, Waswisi wanaweza kujibu Ndiyo kwa hoja ya wananchi na Ndiyo kwa hoja mbadala ya Bunge, kisha huulizwa swali la tatu: zote mbili zikipita, ipi itangulie? Swali hilo linamruhusu mpiga kura kusema kwamba anataka mageuzi, na kusema pia ni mageuzi gani. Chini ya kanuni ya California kura huhesabiwa hoja kwa hoja, na mwenye kukubali zote mbili hana mahali pa kuonyesha anayoipenda zaidi. Lawama kwa wapiga kura ni nyepesi kutoa, lakini miaka zaidi ya mia ya hoja hizi inawarudisha wanaotaka majibu yanayolingana kwenye kazi ngumu zaidi, ambayo ni kutunga maswali yanayoweza kujibiwa kwa kulingana.